Kujitegemea Kunahitaji Mahali pa Kukanyaga

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii imefundishwa shuleni kwa miaka mingi, na kila inapofundishwa, mwanafunzi huchorewa picha ile ile: mkulima wa mashambani mwenye ekari mbili tatu za mahindi na maharagwe, ng'ombe wa maziwa zizini na kuku uani. Huyo, tunaambiwa, ndiye ajitegemeaye. Je, mwanafunzi wa kijiji cha Raila, huko Kibera, aielewe vipi methali hiyo? Kwao ni chumba kimoja cha mabati, na mlango wake unakaribia kugusana na wa jirani.

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kujitosheleza ni kuwa na kila ukihitajicho bila ya kutoka nje ya ua wako. Kujitegemea ni kuziegemea nguvu zako mwenyewe kabla ya kunyoosha mkono kwa mwingine. Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka wa 1967, alitaka shule ziwe pia mashamba, wanafunzi na walimu wafanye kazi pamoja. Nasi Kenya tuna vyama vya 4-K shuleni, vilivyofufuliwa mwaka wa 2021, ambavyo jina lao ni kifupi cha Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Tazama neno lililotangulia: kuungana.

Kibera imeonyesha kwamba kujitegemea kwawezekana hata pasipo na ekari. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipozuka, njia zilifungwa, reli iking'olewa, na chakula kikaadimika mtaani. Mwaka wa 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kueneza kilimo cha magunia miongoni mwa wakazi. Mbinu yenyewe ni nyepesi. Gunia husimamishwa na kujazwa udongo uliochanganywa na samadi. Katikati huwekwa kopo lisilo na kitako, likajazwa mawe. Kila udongo unapopanda, kopo huvutwa juu, hata pabaki nguzo ya mawe toka chini hadi juu. Maji yakimwagwa juu hupitia katika nguzo hiyo na kuifikia mizizi yote. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia sukuma wiki, spinachi na mchicha. Juu hupandwa vitunguu au nyanya. Hivyo mahali pasipotosha kulaza mkeka hupata miche kadhaa ya mboga, na mwenyewe huchuma majani leo, akayaacha mengine kwa kesho.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Gunia halitoi unga wala mafuta ya kupikia, wala halilipi kodi ya nyumba. Maji ya kulinyweshea hununuliwa kwa mtungi, na msimu wa kiangazi bei hupanda. Udongo uliochotwa karibu na jaa au mtaro wa maji machafu huweza kuwa na risasi na madini mengine yenye sumu, ambayo hupanda hadi kwenye majani. Ayaambiaye makabwela kwamba magunia yatawatoa katika umaskini anawadanganya. Faida ya gunia ni nyingine: mama aliyekosa kibarua siku mbili hana haja ya kukopa mboga. Anazo. Akibakiwa na fungu, humpa jirani au huliuza. Hajajitosheleza, lakini amejitegemea.

Swali linalobaki ni la ardhi. Kibera haikuanza ikiwa msongamano. Jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza walikaa humo na kulima, na mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ilitenga zaidi ya ekari 4,000 kuwa hifadhi ya kijeshi. Walilima, lakini hati hawakupewa. Ardhi ikamegwa kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, hata mwaka wa 2017 jamii hiyo ilipokabidhiwa hatimiliki, ilikuwa ya ekari 288 tu. Hawakukosa jembe wala bidii. Walikosa haki ya kubaki mahali walipolima.

Funzo hilo halijapitwa na wakati. Julai 2018, nyumba na shule zilibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu waliondoka na walichoweza kubeba. Gunia lililojaa udongo halibebeki kichwani kama godoro.

Sheria hazikosekani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka wa 2015. Kinachohitajika ni maji ya bei nafuu, udongo uliopimwa, na hakikisho kwamba apandaye ndiye atakayevuna.

Walimu wenzangu, tunapoifundisha methali ile tusiwafanye watoto wa mtaani waamini kwamba kujitegemea ni mali ya wenye mashamba. Gunia moja nyuma ya darasa litawafunza mengi. Lakini tuwafunze pia kuuliza maji yanatoka wapi na ardhi ni ya nani. Hata ajitegemeaye kwa nguvu zake zote sharti awe na mahali pa kukanyaga.