Kwa nini jino hupakwa asidi kabla ya kufungwa vyuma

Neno asidi lisiwatishe wananchi. Gundi ya vyuma vya kupanga meno haishiki kwenye uso unaoteleza. Hivyo, baada ya kulisafisha jino, daktari hulipaka asidi ya fosforiki, kwa kawaida ya asilimia 37, kwa sekunde 15 hadi 30, kisha huliosha na kulikausha mpaka enameli, yaani tabaka gumu la nje, iwe nyeupe kama chaki. Gundi hujishikiza katika vishimo visivyoonekana kwa macho. Mate yakipagusa hapo, kazi hurudiwa.

Waliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi, yakiwamo ya baadhi ya maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, wamweleze daktari mapema. Enameli iliyoathiriwa na madini hayo hustahimili asidi. Huenda ikahitaji kupakwa kwa muda mrefu zaidi au kukwanguliwa kidogo kwanza, la sivyo vyuma hubanduka.