Lundo la Kasese na Samaki wa Ziwa George

Chini ya milima ya Rwenzori, magharibi ya Uganda, lipo bonde la Kilembe, ambamo shaba ilichimbwa tangu mwaka 1956, reli ilipofika Kasese, hata mwaka 1982. Shaba yenyewe ilipelekwa Jinja kuyeyushwa. Bali lile jiwe liandamanalo nayo, la chuma na kibiriti, limetametalo mfano wa dhahabu na liitwalo pairaiti, lilichujwa likalundikwa nje ya mji wa Kasese, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na kobalti kidogo, na wenye mali walitaraji kwamba siku moja itapata soko. Kazi iliposimama, lundo lilikuwa limefikia tani kama milioni moja, nalo likaachwa juani na mvuani.

Jiwe hilo likiwa chini ardhini halina madhara; lakini likisagwa likapatwa na hewa na maji, kibiriti chake hugeuka tindikali, na tindikali huyeyusha shaba na kobalti zilizosalia ikaenda nazo. Basi kila masika, vijito vilivyotoka lunduni vilishuka katika hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, na vilikopita majani yalikufa, pakabaki mlia wa ardhi tupu yenye kutu. Ziwa lenyewe lina kina haba, kwa wastani halifiki hata mita 3, nalo ndilo riziki ya wavuvi wa ngege, kambare na kamongo. Mafunjo ya ukingoni hunasa sumu nyingi yakaizika topeni, hisani ambayo hakuna aliyeyaomba wala aliyeilipa. Hata hivyo shaba kidogo tu iliyoyeyuka majini huunguza mashavu ya samaki, anakovutia pumzi, na aghalabu watoto wa samaki ndio watangulizi wa kuangamia.

Dawa ilikuja mwaka 1999, nayo ni ya ajabu. Pairaiti ilichotwa, ikatiwa maji hata ikawa kama uji, na uji ukamiminwa katika matangi makubwa yaliyopulizwa hewa, wakaachiliwa humo bakteria ambao maakuli yao ni chuma na kibiriti. Viumbe hao walifanya kwa siku chache ile ile kazi ambayo mvua huifanya kwa miaka, ila hapa tindikali ilifungiwa tangini, ikazimwa kwa mawe ya chokaa, na kobalti ikatolewa kwa nguvu ya umeme. Kwangu mimi hii ni hila ya kupendeza, maradhi kutumwa kazi ya utabibu. Baada ya miaka kama 15 lundo lilikwisha.

Lakini kiwanda hicho hakikujengwa kwa ajili ya ngege. Bei ya kobalti ilipoanguka mwaka 2002, usafishaji nao ulisimama, mpaka bei iliporudi. Na makapi ya mgodi yaliyomwagwa bondeni Kilembe, kandokando ya mto Nyamwamba, hayakuwamo kabisa katika biashara ile. Mto huo hushuka kwa ghadhabu: Mei 2013, na tena Mei 2020, ulifurika ukabomoa nyumba na madaraja, ukaivamia hospitali ya Kilembe. Namna ya kuyatuliza makapi si siri, yaani kuujengea mto kingo za mawe, kuulaza mteremko wa makapi, kuufunika kwa udongo na chokaa na kuotesha majani yavumiliayo shaba. Ila kazi hiyo haitoi cha kuuza. Maji yakipungua, ukingo huonekana umekatwa wima kama mkate, na mchanga wa makapi humomonyoka kidogo kidogo ukaangukia mtoni, ukashuka na maji kuipita Kasese.