Uji Mtupu Haumtoshi Mzee

Mtazame mzee wa nyumbani kwako. Je, nguo zake zinampwaya? Je, anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu? Je, anatembea polepole kuliko mwaka jana? Watu husema, "Ni uzee tu." Lakini mara nyingi ni uzee pamoja na upungufu wa chakula bora.

Mwili una mafuta na misuli. Misuli ndiyo inayotupa nguvu. Mtu akipita umri wa miaka 60, misuli hupungua upesi. Asipokula vizuri, hupungua upesi zaidi. Hata mzee mnene anaweza kuwa na misuli dhaifu. Mzee dhaifu huanguka. Akivunjika nyonga, pengine hatatembea tena.

Mzee asiye na meno hupewa uji mtupu. Uji humshibisha, lakini haujengi misuli. Basi tufanye hivi:

1. Tutie maziwa au karanga safi zilizosagwa katika uji wake.

2. Kila siku tumpe maharage au kunde zilizopondwa, dagaa waliotwangwa, au yai.

3. Tumpe chakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

4. Tusimwache akae tu. Atembee. Ainuke na kukaa kwenye kigoda mara kadhaa kila siku. Chakula na mazoezi hujenga misuli kwa pamoja.

Mzee akikonda bila sababu, apelekwe zahanati. Huenda ana ugonjwa.

Wazee walitulisha tulipokuwa hatuna meno. Sasa ni zamu yetu.