Kompyuta: namna ya kugawa diski inayotumika tayari bila kupoteza kazi

Kompyuta nyingi zinauzwaka na sehemu moja kubwa tu ndani ya diski, ile Windows inaita C. Windows iko mule, programu ziko mule, na kazi ya mwisho ya mwanafunzi ao liste ya memba wa koperative nayo iko mule. Siku Windows inaharibika na fundi anafuta C ili aiweke upya, vyote vinakwenda pamoja. Ndiyo maana wengi wanagawa diski: Windows ibaki kwa C, mafishie yahamie D.

Kugawa diski inayotumika tayari ni kama kugawa parsele yenye watu ndani. Ukuta unaweza kusogezwa, lakini pale nyumba imesimama, unakomea hapo. Ndani ya C kuna mafishie ya Windows ambayo hayasogei. Kwa hiyo mtu anaweza kuona Go 200 ziko wazi, lakini Windows inamkubalia kukata 60 tu.

Hakuna programu ya kununua. Mtu anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, anachagua « Gestion des disques ». Kisha anabonyeza C kwa upande wa kuume wa suri na kuchagua « Réduire le volume ». Kiasi kinaandikwa kwa Mo: kwa kupata Go 100, anaandika 102400. Nafasi iliyokatwa inaonekana na alama nyeusi, « Non alloué ». Juu yake anafanya « Nouveau volume simple » na kuipa herufi D. Zile sehemu ndogo za « EFI » na « Récupération » zisiguswe. « Supprimer le volume » nayo inafuta vyote vilivyomo.

Kupanua C baadaye kuna sharti: nafasi tupu lazima ifuatane nayo moja kwa moja, upande wa kuume. Kama kuna sehemu ingine katikati, Windows inakataa. Programu ya bure GParted inaweza kusogeza sehemu hiyo, lakini inaweza kuchukua masaa mengi, na umeme ukikatika katikati, mafishie yanaweza kupotea.

Kwa hiyo, mbele ya kuanza, batri ijae na waya ya umeme ibaki imechomekwa. Kompyuta ya mezani isiyo na onduleri ingojee kwanza. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, mwenyewe awe na ufunguo wake wa kuifungulia. Zaidi ya yote, mafishie ya maana yakopiwe kwanza fasi ingine.

Na D ikiisha kuwa tayari, isidanganye mtu. C na D ziko ndani ya diski moja. Kompyuta ikiibiwa ao diski ikikufa, zote mbili zinapotea siku moja. D inakinga mafishie wakati Windows inawekwa upya, tena fundi aambiwe wazi afute C peke yake. Kopi ya kweli inakaa kwa diski ya inje ao fulashi, mbali na mashini.