Unataka Kujenga Keja ya Wageni Birongo? Piga Hii Hesabu Kwanza

Tuseme mzae amekugawia kashamba hapo Birongo, Nyaribari Chache. Ukisimama mlangoni unaona majani chai na migomba tu. Unataka kuchukua mkopo, ujenge vyumba 2 za wageni, uweke Airbnb. Mpango uko fiti. Lakini kabla usaini, jibu hii swali: wageni wakikosa kuja miezi 4, utalipa na nini?

Hii si kukutisha, ilishafanyika. Machi 25, 2020, Kenya ilifungia ndege za abiria kutoka nje, na hazikurudi mpaka Agosti 1. Watalii wa kigeni walikuwa karibu milioni 2 mwaka wa 2019. 2020 wakashuka chini ya laki 6.

Ukidhani hiyo ni stori ya Mombasa na Maasai Mara pekee, cheki Tabaka, kaunti hiyo hiyo ya Kisii. Wasee wanachimba mawe na kuchonga, akina mama wanasugua na msasa na maji mpaka iteleze. Halafu mzigo unapanda gari hadi Nairobi ama Pwani, unangoja mtalii. Huyo mtalii pengine hatawahi kanyaga Tabaka, lakini asipotua Kenya, doo ya Tabaka inakatika. Vurugu baada ya uchaguzi wa 2007 zilifukuza wageni. 2014 Uingereza ikaonya watu wake kuhusu Mombasa, mahoteli zikabaki tupu. Mchongaji hakuwa amekosea mtu.

Kitu inamaliza biashara kama hii ni kutegemea mlango mmoja. Kwa hivyo fungua mingi.

Kwanza, mteja wa karibu. Watu wa Nairobi wanarudi ocha Disemba, wanakuja harusi, wanakuja matanga, na si wote wako na mahali pa kulala. Hao hawangoji ndege ya kutoka nje. Weka bei ya mfuko wa Mkenya.

Pili, usingoe chai yote ndio ujenge. Mgeni akija, atakula ndizi yako. Asipokuja, ndizi inaenda soko.

Tatu, akiba. Kama mkopo ni 10,000 kwa mwezi, miezi 4 ni 40,000. Kila mgeni akilipa, kata kitu kidogo uweke kando mpaka hiyo 40,000 itimie. Usiiguse, hata kama simu mpya imetoka.

Nne, nunua mayai kwa jirani, ita boda wa hapo hapo. Kijiji ikiona faida, italinda hiyo keja kama yao, na siku umekwama hautakuwa peke yako.

Sasa rudia hesabu, lakini toa watalii wote wa nje. Ikisimama bado, enda usaini. Ikianguka, anza na chumba 1.