Sabufa Mbili, Amplifaya Mbili, Mke Mmoja

Dada zangu, kuna wanaume wa mpira, kuna wanaume wa baa, halafu kuna wanaume wa muziki wa gari. Wangu ni wa kundi la tatu. Mashosti wakinisikia nalalamika wananicheka, eti nimshukuru Mungu, angalau huyu najua alipo. Ni kweli. Lakini mwanaume wa namna hii anaweza kumaliza hela ya nyumba bila kugusa pombe wala mwanamke mwingine, na gari ikifungwa ovyo mnaweza kuungua wote mliomo ndani. Ndiyo maana mwezi huu naomba tuongelee nyaya.

Naishi Mvumi. Sio ile ya Dodoma yenye hospitali, hii ni yetu ya Kilosa, ya mpunga. Huku gari ya familia haikai bure. Watu wakishavuna, harusi zinafuatana, na gari yenye mlio mzito ndiyo inayoitwa kubeba maharusi. Kwa hiyo mume wangu aliposema muziki utatuletea wateja, sikuwa na ubishi. Nairobi si matatu zinagombania abiria kwa muziki na michoro? Biashara ni biashara. Kilichonikera ni kwamba aliniambia akiwa ameshalipa, na hela aliyolipa ilikuwa ya mpunga tuliokubaliana kwamba ni ada ya bweni ya binti yetu.

Nilinuna, sifichi. Ila kununa kulikuja kuisha usiku mmoja tukitoka Dumila. Watoto wamelala siti ya nyuma, sabufa ziko kwenye buti nyuma yao, mara nasikia harufu ya plastiki inayoungua. Baba watoto akazima muziki, akasimama, akafungua boneti na kung'oa kichwa cha betri. Waya mkuu ulikuwa umeyeyuka chini ya kapeti, sentimita chache tu kutoka miguu ya mdogo wao. Fundi wa kwanza, jina lake libaki huko huko mjini, alikuwa amevuta waya mwembamba kutoka betrini mpaka nyuma bila fyuzi hata moja. Wamelala, hawakujua kitu. Sisi wawili ndio hatukulala.

Kesho yake nikamwambia mume wangu: sikukatazi, ila safari hii tunapiga hesabu ya umeme mezani kwanza, ndipo tuguse hela. Tukatafuta fundi mwingine, mtu mzima, mpole, akakubali tukae naye. "Shemeji, wewe ungekuwa fundi," aliniambia baadaye. Hesabu zenyewe wala si za ajabu.

Chukua wati za kweli za amplifaya, zile zinazoandikwa RMS, sio zile za kwenye boksi zenye sifuri nyingi. Amplifaya yetu moja inatoa wati 50 kwa kila spika ya mlango, na spika ziko nne, jumla 200. Ya pili, ya sabufa, inatoa 500. Sasa amplifaya haigeuzi umeme wote kuwa sauti, mwingine unapotea kwa joto. Za aina ya D hupoteza kama asilimia 20, zile za AB hata 40 na zaidi. Gari ikiwaka ina volti kama 14. Ukigawanya, ya sabufa ikipigwa mpaka mwisho inataka ampea kama 45, ya milango kama 24. Karibu 70 hizo! Na alteneta ya gari ndogo mara nyingi inatoa kati ya 60 na 100, ambazo ndizo pia zinalisha taa, feni na pampu ya mafuta. Muziki haukai kileleni muda wote, kwa hiyo matumizi ya kawaida ni chini ya hapo. Lakini waya unachaguliwa kwa kilele, sio kwa kawaida.

Basi kutoka betrini ukaja waya mmoja mnene, geji 4, wa shaba tupu. Hapa mjihadhari, madukani kuna waya mnene wa kuvutia kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Unapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule. Fyuzi kubwa ya ampea 100 ikakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45. Wengi wanafikiri fyuzi inalinda amplifaya. Hapana, ile ya betrini inalinda waya, yaani inawalinda nyie. Nyuma waya ule ukaingia kwenye kigawanyio, ukatoa nyaya mbili nyembamba, kila mmoja na fyuzi yake.

Ethi za amplifaya zote mbili zilifungwa sehemu moja kwenye bodi, rangi imekwanguliwa mpaka chuma kikaonekana, waya mfupi na mnene kama ule wa chanya. Fundi wa kwanza alifunga moja huku na nyingine kule, ndiyo maana spika zilikuwa zinavuma kila mume wangu akikanyaga mafuta. (Mvumi na kuvuma, majirani walipata la kutania.) Nyaya za sauti kutoka kwenye redio nazo zikahamishiwa upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme.

Sabufa ndiyo kulikuwa na siri ya pili. Zetu zina koili mbili kila moja, omu 4 kila koili. Alikuwa ameunganisha zote nne sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, ikawa omu 1. Amplifaya yetu inavumilia kuanzia omu 2, ndiyo maana ilikuwa inachemka na kuwasha taa nyekundu katikati ya harusi za watu. Huyu wa pili akapanga koili za kila sabufa kwa kufuatana, 4 na 4 ikawa 8, halafu sabufa mbili akaziweka sambamba, ikarudi 4. Mlio ulipungua kidogo, lakini tangu hapo haijazima. Na uangalie chanya na hasi zisigeuzwe kwenye sabufa moja, zitasukumana na besi itapotea mnabaki kujiuliza hela imekwenda wapi.

Ada tulimalizia kwa harusi za mwezi wa nane, binti akiwa amechelewa kuripoti wiki mbili. Hilo baba yake alimwomba radhi mwenyewe, mbele yangu.

Kelele nimeiwekea masharti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, mtu mzima 80. Kwa hiyo watoto wakiwemo, sabufa zinazimwa, ya milango inatosha. Na kila baada ya fundi kugusa kitu, tunapiga muziki nusu saa, tunazima gari, halafu mimi mwenyewe napapasa waya mkuu kwa mkono kuanzia fyuzi mpaka kwenye buti. Ukiwa wa moto, gari haitoki.