Neno Moja, Ndimi Mbili: Je, Talaka Imepita?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Aliyejaalia kutofautiana kwa ndimi zetu kuwa miongoni mwa dalili Zake, kama tunavyosoma katika Suratur-Rum aya ya 22. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, tuliletewa suala kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, ambalo kwa juu juu ni dogo, lakini ndani yake mlikuwa na ndoa ya watu wawili. Mume, ambaye ni Mnyakyusa, alizozana na mkewe sokoni kwa ajili ya bei ya ndizi. Alipoona watu wanawatazama akamwambia: "Buka kukaja." Mama mmoja aliyetoka pwani, asiyekijua sana Kinyakyusa, akauliza maana yake, akajibiwa na kijana aliyekuwa jirani: "Amemwambia nenda kwenu." Kwa yule mama hilo lilikuwa neno zito, kwani huko atokako mke akiambiwa hivyo huanza kufunga mizigo. Habari zikaenea, mke naye akatiwa hofu, akahamia kwa kaka yake na kuanza kuhesabu eda. Siku kumi na tisa zilipita ndipo tulipoulizwa: je, talaka imepita?

Kabla ya kujibu, ndugu msomaji, tulitazame neno lenyewe. Mswahili akisikia "akaja" anafahamu kwamba mtu fulani alifika. Mnyakyusa akisikia "akaja" anafahamu maskani, mahali watu wanapoishi na mifugo yao, na "kukaja" ni nyumbani. Sauti ni ile ile, asili hazina udugu. La Kiswahili ni kitenzi "ja" kilichotanguliwa na viambishi, na la Kinyakyusa ni jina.

Mifano ya namna hii Rungwe ni mingi. "Juba" kwetu ni vazi refu la heshima, nalo limetoka katika Kiarabu, jubba. Kwa Mnyakyusa "juba" ni mama yangu. "Tata" katika Kiswahili ni mkanganyiko, ndiyo maana tukasema matata, na kwa Mnyakyusa "tata" ni baba. (Neno hili la baba lipo katika lugha nyingi zilizo mbalimbali sana, pengine kwa sababu ni katika sauti za mwanzo zinazoutoka mdomo wa mtoto.) Na yule ndugu yetu Hamisi, ambaye wengi humwita Amisi kwa kuiacha h, jina lake limetokana na Alkhamisi ya Kiarabu, yaani siku ya tano. Lakini akijitambulisha kwa bibi wa Kinyakyusa, bibi husikia neno "maji".

Wala hatuna haja ya kwenda Rungwe tu. Ndani ya Kiswahili chenyewe, "haya" ya kuona aibu ni Kiarabu, na "haya" ya kusema "maneno haya" ni Kibantu. "Hali" ya kuulizana hali ni Kiarabu, na "hali" ya mtu asiyekula nyama ni Kibantu. "La" ya kukataa tumeipokea kwa Waarabu, ilhali "la" katika "jina la mtoto" tumezaliwa nayo. Herufi "wa" kwa Mwarabu huunganisha, nasi twaitumia kumilikisha. Mwanafunzi wa madrasa anayeanza nahau hujikwaa hapa kila siku, na mwalimu asimcheke.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Walipojadili maneno ya Qur'an yanayofanana na ya Wafursi, Wahabeshi na wengineo, Imam Shafii (aliyefariki mwaka 204 Hijria) alishikilia kwamba Qur'an yote ni Kiarabu. Imam Tabari (310 Hijria) akaeleza kwamba ndimi huweza kuafikiana katika neno moja, bila ya sisi kuwa na haki ya kusema kwamba huyu amechukua kwa yule. Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam (224 Hijria) akazipatanisha kauli: asili ya maneno hayo ni ya kigeni, kisha Waarabu wakayatia katika ndimi zao yakawa Kiarabu. Sisi twaona kauli ya Abu Ubayd ndiyo iliyo karibu zaidi na yale tunayoyashuhudia katika Kiswahili, na ile ya Tabari yafaa kwa mfano kama wa juba. Hapo sauti zimekutana tu, na maana hazijuani.

Na kukutana huko kwaweza kuleta madhara. Katika Suratul-Baqara aya ya 104 Waumini walikatazwa kumwambia Mtume (S.A.W.) "raa'inaa", wakaamrishwa kusema "undhurnaa". Neno la kwanza kwa Kiarabu halina ubaya, ni kuomba kuangaliwa na kusubiriwa. Lakini wafasiri wameeleza kwamba baadhi ya Mayahudi wa Madina walilitumia kwa maana ya matusi iliyokuwako katika lugha yao. Basi neno safi likaachwa kwa ajili ya maana yake ya upande wa pili.

Sasa turudi kwenye suala letu. Maneno ya talaka ni ya namna mbili: ya wazi (sarihi), na ya fumbo (kinaya), ambayo hayapitishi kitu ila kwa nia. "Nenda kwa watu wako" ni katika kinaya. Ushahidi wake umo katika Sahihi ya Bukhari: Mtume (S.A.W.) alimwambia hivyo mwanamke wa ukoo wa Jawn, na ikawa ni kuachana. Kaab bin Malik (R.A.), katika ile adhabu ya kususwa baada ya Tabuk mwaka wa 9 Hijria, alimwambia mkewe maneno hayo hayo, naye hakukusudia kumwacha, akabaki kuwa mkewe. Matamshi yaliyo sawa yalipewa hukumu mbili.

Imam Nawawi katika Minhaj amekwenda mbali zaidi. Ameeleza kuwa tafsiri ya neno la talaka kwa lugha isiyo Kiarabu nayo ni ya wazi, na kwamba asiye Mwarabu akilitamka kwa Kiarabu bila kuijua maana yake, talaka haipiti. Tena akataja tofauti ya "in" na "an". Mwenye kusema "umeachika in umeingia nyumbani" ameweka sharti, na mwenye kusema "an" ametaja sababu, hivyo talaka hupita papo hapo. Kisha akamtoa mtu asiyejua nahau: kwake yeye yote mawili ni sharti. Irabu moja yaweza kuvunja nyumba ya mwanachuoni na isivunje ya mkulima. Kwa msingi huo huo, mzee wa Rungwe anayetaja "mahali" akikusudia mahari, kwa kuwa Kinyakyusa cha asili hakina r, ndoa anayoifungisha haina kasoro.

Basi tulimwita yule mume tukamuuliza alikusudia nini. Akasema alitaka mkewe arudi nyumbani kwao wawili, ugomvi ukaishie ndani. Wazee wa Kinyakyusa tuliowauliza wakathibitisha kwamba "kukaja" haibebi maana ya kumrudisha mke kwa wazazi, ila yakiongezwa maneno. Hivyo hapakuwa na sarihi, wala kinaya, wala nia. Aliyekosea ni mfasiri, aliyeligeuza "nyumbani" kuwa "kwenu". Hata kama mume angelisema "nenda kwenu" kwa Kiswahili fasaha, ingelikuwa wajibu kumuuliza nia yake kwanza, na wala mtaa hauna haki ya kumhukumia.

Ifahamike pia kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 107, hata talaka iliyopita kisheria ya Kiislamu hupelekwa mahakamani baada ya Baraza la usuluhishi kuthibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Hapa hapakuwa na cha kupeleka. Eda ile haikuwa eda, na mke alirejea kwake jioni ile ile bila ya ndoa mpya wala mahari mapya.

Wallahu a'lam.